Mzazi akija London, utamtembeza wapi?

Mkenya anayeishi London anapoambiwa kwamba babake au mamake amepata viza na atawasili mwezi ujao, furaha yake haikosi kuchanganyika na wasiwasi. Furaha, kwa sababu ni miaka mingapi sasa tangu waonane? Wasiwasi, kwa sababu kwa miaka hiyo yote watu wa nyumbani wamekuwa wakiiona London kwa njia ya picha alizotuma yeye mwenyewe, na katika picha hizo hakuna hata moja iliyopigwa katika jiko analotumia pamoja na wapangaji wengine wanne.

Mzazi huyo naye anakuja na London yake kichwani. Huenda aliisoma shuleni enzi za mkoloni, au aliisikia redioni. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kutangaza mwaka 1957, na kwa miongo mingi sauti zake zilitoka katika jumba la Bush House katikati ya jiji, hadi BBC ilipolihama mwaka 2012. Wako wazee kwetu ambao hawajafika hata Kisumu lakini hulitaja jumba hilo kana kwamba ni duka la jirani. Sasa mmoja wao anataka kuona kwa macho. Nawe mwenyeji, ambaye njia unayoijua vyema ni ile ya kutoka kitandani hadi kazini, unatakiwa uwe kiongozi wa watalii.

Tuanze na mambo mawili ya kuchosha ili tuyamalize. La kwanza ni afya. Viza ya kawaida ya matembezi humruhusu mgeni kukaa Uingereza hadi miezi 6, lakini haimpi haki ya kutibiwa bure hospitalini. Akikimbizwa katika chumba cha dharura atahudumiwa pale bila malipo, lakini akishalazwa kitandani hesabu inaanza, na mgeni hutozwa asilimia 150 ya gharama ya matibabu. Wapo Wakenya wanaolipa deni la namna hiyo kidogo kidogo hadi leo, muda mrefu baada ya mzazi kurudi nyumbani. Mzee mwenye shinikizo la damu au kisukari asipande ndege bila bima, na abebe dawa za kumtosha ziara nzima pamoja na barua ya daktari.

La pili ni mizigo. Nyama na vyakula vya maziwa kutoka Kenya haviruhusiwi kuingia Uingereza. Mursik, kuku wa kienyeji aliyekaangwa usiku wa manane, samaki aliyefungwa pamoja na kipande cha nyama kavu: mtu wa forodha akivikuta, kila chenye nyama au maziwa kitaishia pipani huku mama aliyekipika akitazama. Mwambie mapema, tena umwambie mara tatu, kwa maana mara ya kwanza hataamini kwamba kuna serikali inayoogopa maziwa yake. Majani ya chai hupita bila taabu. Alete hayo.

Basi namba 24

Wageni wengi huuliza kwanza treni ya chini ya ardhi. Ni haki yao kuiona, kwani ndiyo ya kwanza duniani ya aina yake, ilianza mwaka 1863. Mpandishe mara moja, tena si saa za watu kwenda kazini. Baada ya hapo achana nayo. Vituo vingi vya zamani havina lifti, na mama mwenye magoti mabovu hakusafiri kilomita karibu elfu saba ili ahesabu ngazi gizani. Isitoshe, ndani ya shimo haonekani mtu wala jumba, na watu waliomo hawasemezani. Mgeni atadhani amewaudhi.

Basi ndilo gari la kumtembezea mzazi. Lile jekundu la ghorofa. Mkalishe juu, kiti cha mbele kabisa, na London yote itapita chini ya miguu yake kwa nauli ile ile anayolipa mtu aendaye sokoni. Jambo moja la kukumbuka: mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu mwaka 2014. Kila mtu lazima awe na kadi yake mwenyewe, iwe ya benki au ile ya usafiri iitwayo Oyster. Wajukuu walio chini ya miaka 11 hawalipi. Babu analipa, kwa sababu ile pasi ya bure ya wazee ni ya wakazi wa jiji peke yao. Lakini ukishalipa nauli moja unaweza kupanda mabasi mengine kadiri upendavyo katika saa ile bila kulipa tena, na kuna kiwango ambacho makato ya siku hayawezi kuzidi.

Yako mabasi mengi, lakini kwa Mkenya mimi husifu namba 24. Linaanzia kaskazini, Hampstead Heath, kwenye uwanda wa nyasi na vilima ambako mgeni anaweza kulitazama jiji kutoka juu. Kutoka hapo linateremka Camden, linapita karibu na vyuo vikuu na Jumba la Makumbusho la Uingereza, kisha Trafalgar Square na simba wake wa shaba. Linaingia barabara ya Whitehall ambako ndiko zilipo wizara, na mlangoni pa Downing Street wamesimama askari wenye bunduki. Mara bunge hilo, na ule mnara wa saa ambao watu wote huuita Big Ben. Mweleze mzee kwamba Big Ben ni jina la kengele iliyo ndani, yenye uzito wa zaidi ya tani 13, na kwamba mnara wenyewe tangu mwaka 2012 unaitwa kwa jina la Malkia Elizabeth, aliyefariki mwaka 2022. Atakwambia alikuwa Kenya alipopata habari kwamba amekuwa malkia, mwaka 1952. Atakwambia hilo kwa fahari kidogo, hata kama babake mwenyewe aliwekwa kizuizini na serikali ya malkia huyo huyo.

Usishuke hapo. Watalii wote hushuka hapo. Basi linaendelea hadi Victoria, kisha linaingia mtaa wa Pimlico wenye nyumba nyeupe zilizoshikana, na huko ndiko uliko mwisho wa safari na sababu ya kuichagua namba 24. Katika Cambridge Street, nyumba nambari 95, kuna kibao cha buluu ukutani kinachosema kwamba Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Jamhuri ya Kenya, aliishi hapo kuanzia mwaka 1933 hadi 1937.

Nyumba hiyo ni makao ya watu, basi msibishe hodi wala kuchungulia madirishani. Simameni kando ya barabara. Hakuna tiketi, hakuna foleni. Nimewapeleka pale jamaa zangu kadhaa kwa nyakati mbalimbali, na sijaona mahali pengine London panapowanyamazisha wageni wetu kama hapo. Wengi hawakujua kwamba Kenyatta aliishi nchi hii takriban miaka 15, tangu 1931 hadi 1946, na kwamba mara nyingi alikuwa hana pesa. Alisoma anthropolojia katika chuo cha London School of Economics chini ya Profesa Malinowski, na kutokana na masomo hayo akaandika kile kitabu chake juu ya Wakikuyu kilichotoka mwaka 1938. Hayo yamo katika historia ya shule. Lakini pia alifanya vibarua. Aliigiza kama mtu wa pembeni katika filamu ya Sanders of the River ya mwaka 1935, filamu iliyosifu ukoloni, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili alifanya kazi ya shamba huko Sussex. Mzazi akisikia kwamba baba wa taifa aliwahi kuchimba shamba la Mzungu ili apate riziki, huanza kukutazama wewe mwanawe kwa jicho jingine. Nitarudi kwa jambo hilo.

Ikiwa mzee ni mpenzi wa siasa, siku nyingine mpeleke St James's, umbali mfupi kwa miguu kutoka kituo cha Green Park, akaitazame Lancaster House kutoka nje. Ni jumba la serikali na halifunguliwi kwa wapita njia. Ndimo katiba ya Kenya huru ilimojadiliwa mara tatu, mwaka 1960, 1962 na 1963. Katika mkutano wa kwanza Ronald Ngala aliwaongoza wajumbe wa Kiafrika naye Tom Mboya akiwa katibu, huku Kenyatta akiwa bado amezuiliwa Lodwar. Mboya alimleta mwanasheria Mwamerika mweusi, Thurgood Marshall, awashauri kuhusu haki za raia. Marshall huyo baadaye akawa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani.

Na kama familia yenu iliguswa na vita vya Mau Mau, kuna kituo kimoja zaidi. Barabara ya Strand, hatua chache kutoka Bush House ya zamani, yapo majengo ya mahakama kuu yenye minara kama kanisa. Mwaka 2011 wazee wa Kenya walifika hapo kuishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso waliyotendewa kambini katika miaka ya hamsini. Mwezi Juni 2013 serikali hiyo ilisema bungeni kwamba inasikitika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za mawakili, kwa waathiriwa 5,228. Kesi nyingine ya zaidi ya watu 40,000 ilitupwa mwaka 2018. Si kila mgeni atataka kupaona mahali hapo. Nyanya mmoja wa Nyeri alipopelekwa, aliketi kwenye ukuta mdogo wa kando ya njia, akaomba aachwe peke yake kidogo. Mjukuu wake alikuwa amepanga kwamba baada ya hapo waende kuona walinzi wa mfalme wenye kofia za manyoya wakibadilishana zamu. Hawakwenda.

Saa zilizovurugika

Wale wasiojali siasa wapelekwe Greenwich. Hapo napo pana jambo linalomhusu Mswahili kuliko linavyomhusu mtu mwingine yeyote.

Njia nzuri ya kufika ni kwa miguu chini ya mto. Ukishuka kwenye kituo cha Island Gardens utaona kijumba cha duara chenye paa la kioo. Ndani yake mna lifti na ngazi za kuteremkia katika tundu la kupitia watu, lililochimbwa chini ya Mto Thames na kufunguliwa mwaka 1902 ili wafanyakazi wa bandarini wavuke bila kungoja kivuko. Lina urefu wa mita 370 hivi na halina malipo. Watoto hupenda kupiga kelele humo wasikie mwangwi. Wazee hutembea haraka kidogo, wakitazama dari. Ukitokea ng'ambo unakutana uso kwa uso na Cutty Sark, jahazi la mwaka 1869 lililokuwa likibeba majani ya chai kutoka China.

Kilimani, ndani ya bustani, ndipo kilipo chumba cha wanajimu kilichoanzishwa mwaka 1675. Mwaka 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington wakaafikiana kwamba mstari unaopita hapo uwe ndio sufuri ya longitudo duniani, na baadaye ramani za dunia zikaja kuhesabu mashariki na magharibi kutoka kwenye ua huo. Bustani ni ya bure. Kuingia uani na kusimama juu ya mstari, mguu mmoja mashariki na mwingine magharibi, kunalipiwa. Kijana wa familia akitoa simu yake atagundua kwamba haisomi sufuri pale kwenye mstari. Simu hutumia vipimo vya setilaiti, na sufuri ya setilaiti iko mita 102 hivi upande wa mashariki, katikati ya nyasi. Basi asiyetaka kulipa na aende akasimame huko na simu yake, hakuna atakayemdai senti. Ikiwa mko hapo kabla ya saa saba mchana, tazameni tufe jekundu lililo juu ya paa. Tangu mwaka 1833 hupandishwa mlingoti wake na kuachwa lianguke saa saba kamili, ili manahodha mtoni warekebishe saa zao.

Sasa mweleze mgeni kwamba saa za Kenya zimetangulia za hapa kwa saa tatu kwa sababu zinafuata longitudo ya 45 mashariki, mstari ambao hata haupiti Kenya, unapita karibu na Mogadishu. Na kwamba tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba Waingereza husogeza saa zao mbele, tofauti ikabaki saa mbili.

Hapo ndipo Kiswahili chetu hupata taabu. Sisi huhesabu saa kwa jua. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili, baada ya hapo saa moja, na mambo yanakwenda hivyo mwaka mzima kwa kuwa kwetu mchana na usiku karibu hulingana. London mwezi wa Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na linatua saa tatu na dakika ishirini. Saa tatu na dakika ishirini za nini? Za usiku? Usiku gani huo wenye jua? Babangu mdogo alipokuja mwezi wa Juni alikataa katakata kula chakula cha jioni "mchana," na siku nne za kwanza watu wote nyumbani walilala na njaa hadi giza lilipoingia. Desemba mambo hugeuka: jua latoka saa mbili asubuhi na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha kuzama. Mwislamu aliyefunga Ramadhani London mwaka 1999, mfungo ulipoangukia Desemba, alifungua mapema alasiri. Aliyefunga mwaka 2016, ulipoangukia Juni, alikaa zaidi ya saa 18 bila tone la maji.

Jambo hili lina faida yake katika kupanga ziara. Mzazi akija kiangazi utapata mwanga wa kumtembeza hata baada ya kutoka kazini jioni. Akija Desemba, siku yenu ya kutembea ina saa zisizofika nane, na koti zito atalihitaji tangu mlangoni pa uwanja wa ndege. Kama mwaweza kuchagua, aje mwishoni mwa Aprili. Baridi imelegea, maua yamechanua, na Jumapili moja ya majira hayo hukimbiwa zile mbio za marathoni za London, ambazo Eliud Kipchoge alizishinda mara nne na ambazo marehemu Kelvin Kiptum alizimaliza mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 25. Kusimama barabarani ni bure. Ni siku ambayo bendera yetu huonekana kila kona, na mama aliyeanza kuona aibu kwa kutojua Kiingereza cha hapa hupiga vigelegele mpaka askari wanamgeukia wakicheka.

Mogo wa Wembley

Baada ya wiki moja mgeni huanza kutamani nyumbani. Dalili yake ni kwamba anauliza bei ya kila kitu na kuigeuza shilingi, halafu hali. Usimwongezee majumba. Mpeleke Ealing Road, huko Wembley.

Ni mtaa wa Wahindi, na wengi wao walitoka Afrika Mashariki. Waliondoka Kenya kwa wingi mwaka 1968, Uingereza ilipokuwa ikipitisha sheria ya kuwafungia mlango, na Uganda walifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Walikuja na vyakula vyao, na miongoni mwa vyakula hivyo vilikuwemo vyetu. Katika mikahawa ya huko utakuta muhogo wa kukaanga wenye pilipili, nao huitwa "mogo." Mishkaki wanayo, na mandazi pia. Ukiingia dukani ukamwamkia yule mzee wa Kigujarati aliye nyuma ya kaunta kwa Kiswahili, huenda akakujibu kwa Kiswahili cha Nakuru cha mwaka 1960. Nimeona mama yangu mzazi akizungumza na mzee wa namna hiyo robo saa nzima, akimwuliza kama duka la babake lilikuwa upande huu wa reli au ule. Mwanawe mzee huyo, aliyezaliwa hapa, alisimama akiwatazama kama watu wanaosema kwa lugha ya ndege.

Kutoka hapo si mbali kufika hekalu la Neasden lililofunguliwa mwaka 1995, lililojengwa kwa mawe ya Bulgaria na marmari ya Italia yaliyopelekwa India kuchongwa kwa mkono kisha yakaletwa London kuunganishwa. Kuingia ni bure. Vua viatu tu.

Unga mweupe wa mahindi unapatikana katika maduka ya Waafrika na katika masoko kama Ridley Road, Dalston, ambako pia wachuuzi huita wateja kwa sauti, jambo ambalo mgeni wetu hulipokea kama muziki. Sukuma wiki yenyewe itawashinda, lakini zipo mboga za jamii ya kabeji zinazokaribiana nayo. Jumapili, tafuteni ibada ya Wakenya, au Ijumaa msikiti mkuu wa karibu na Regent's Park. Majumba ya makumbusho yapo mengi na yale ya taifa hayatozi kiingilio kwa maonyesho yao ya kudumu. Moja kwa siku linatosha. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mpeleke mgeni kwenye jiwe la kukatia lililookotwa Olduvai, Tanzania, lenye umri wa karibu miaka milioni mbili, ambalo ni miongoni mwa vitu vya kale kabisa vilivyomo humo vilivyotengenezwa kwa mkono. Kisha mtoke mkanywe chai.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Hapa London jembe ni mzazi kukuona ukilishika wewe. Ziara zote hizi hulipiwa na kazi, na kazi hiyo wengi wetu huificha. Wako walioomba likizo ya wiki tatu bila malipo ili mama asijue kwamba huamka saa kumi usiku kwenda kuwaogesha wakongwe katika nyumba za kutunzia wazee. Wako waliohamia kwa rafiki mwenye nyumba kubwa mpaka mgeni aondoke. Gharama ya kuficha huwa kubwa kuliko ya ziara, na mzazi si mjinga, anaona mikono.

Rafiki yangu mmoja, mwenyeji wa Kitui, alikuwa amemwambia mamake kwamba yeye ni "afisa wa afya." Mama alipofika alikaa siku tano, siku ya sita akasema hataki tena kuona majumba, anataka kuona ofisi. Wakaenda. Msimamizi aliwaruhusu waketi sebuleni walimo wazee. Mama hakujua Kiingereza, lakini aliwashika mikono wakongwe wale mmoja mmoja kama inavyofanywa kwetu, na bibi mmoja wa Kizungu ambaye hazungumzi na mtu alikataa kumwachilia mkono. Njiani wakirudi, ghorofa ya juu ya basi, mama alinyamaza vituo kadhaa. Kisha akauliza, "Ada ya Mutua ya miaka minne ilitoka mle?" Kijana akasema ndiyo. "Na wale hawana watoto?" Wanao, akamjibu. Hapo mama akaanza kuuliza maswali ya kweli: unalala saa ngapi, unakula nini, kodi ni pesa ngapi, umebaki na kiasi gani. Tangu siku hiyo simu za kuomba mchango wa harambee zilipungua kutoka upande ule wa ukoo. Mama mwenyewe ndiye aliyezizuia.

Siku za mwisho ni za kununua zawadi, na maduka ya Oxford Street ni ya kutazama tu. Mpeleke mzazi katika maduka ya hisani, yale yanayouza nguo zilizotolewa na watu ili kusaidia wagonjwa, wanyama au watoto. Kila mtaa unayo. Zile zisizopata mnunuzi hapo huuzwa kwa robota na kusafirishwa nje, na Kenya ni mmoja wa wateja wakubwa. Mama aliyenunua nguo Gikomba maisha yake yote atalitambua duka hilo kabla hujamweleza. Atapapasa mshono, atageuza kola, atamwambia bibi wa kujitolea aliye kaunta kwamba pauni nane ni nyingi kwa koti lililokosa kifungo, na umtafsirie. Mara nyingi bibi huyo hupunguza mbili.

Pimeni masanduku nyumbani kwa mizani kabla ya kwenda Heathrow, kwani kilo zinazozidi hutozwa pale pesa nyingi kuliko bei ya hilo koti. Likizidi, mama alivae.